Lifti Ina Wenyewe

Kadi ilikataa.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita: mimi na baba yangu mbele ya lifti, ghorofa ya saba, taa nyekundu inatukodolea macho.

Kama hukuwepo, nakudokezea kidogo. Figo za Baba zimechoka, na mara tatu kwa wiki ni lazima alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Mguu wake mmoja ulikwishakatwa kwa ajili ya kisukari. Tulikuwa tunaishi nje kabisa ya mji. Siku aliyozimia njiani akitoka hospitali niliapa kwamba nitampangia mahali ambapo hospitali ataiona dirishani. Nikazunguka na madalali mpaka viatu vikaachama midomo. Mwishowe nikapata fleti katikati ya mji, kwenye jengo refu la vioo, geti la hospitali likiwa ng'ambo ya barabara. Kodi yake ilinikaba koo, lakini nilihamia kwa sababu moja tu. Jengo lilikuwa na lifti.

Na sasa lifti hiyo hiyo inanikataa.

Nikaifuta kadi kwa upindo wa gauni, nikaigusisha tena. Nyekundu. Nikaipuliza. Nyekundu.

"Labda inataka kubembelezwa," Baba akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Baba, tunachelewa."

"Mimi nimechelewa tangu nizaliwe. Mama yangu alinibeba miezi kumi."

Sikucheka. Nilishuka ngazi mbio mpaka chini kwa mlinzi. Huyu mlinzi wanamwita Komando, ingawa ni mpole kama maji ya mtungini na buti zake zimemzidi miguu.

"Komando, lifti imeharibika!"

"Lifti nzima, dada yangu." Akaangalia buti zake. "Kadi yenu ndiyo imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Mwenyekiti wa kamati ya wenye fleti. Amri imetoka asubuhi hii."

"Kwa kosa gani?"

"Mimi naambiwa funga, nafunga. Kosa sijaambiwa."

"Basi tushushe kwa kadi yako."

"Kadi yangu ikisomeka ghorofa ya saba, kesho nitakuwa nalinda nyumbani kwangu."

Nilitaka kumshika shati. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayeona aibu, na mtu wa namna hiyo humgombezi, unamtumia. Nikamwambia, "Kama huwezi kunipa kadi, nipe mabega."

Akanipa. Alimwita na jamaa mmoja aliyekuwa akishusha madumu ya maji ya kunywa, wakapanda. Wakamkamata Baba na kiti chake, mmoja mbele, mwingine nyuma, mimi pembeni nimeshika blanketi lake na roho yangu.

"Taratibu," Baba akawaambia. "Nilidhani mtu hubebwa hivi akishakufa. Kumbe kuna mazoezi."

Jamaa wa madumu akaangua kicheko, kiti kikayumba. Nikapiga yowe. Ngazi nzima watu wakafungua milango kidogo, wakachungulia, wakafunga. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Huo ndio ujirani wa jengo la vioo.

Tulipofika hospitali muuguzi alinitazama kuanzia kichwani mpaka vidoleni.

"Mashine ina foleni, mama. Muda wenu umeliwa. Nitamweka, lakini ataondolewa kabla hajamaliza."

"Ni lifti, muuguzi."

"Maji yakimjaa kwenye mapafu, nitayaambia ni lifti?"

Nikamsukuma Baba mpaka kwenye mashine.

*

Sasa niwaambie habari za mwenye nyumba wangu. Mtu huyu ni mtanashati, suti yake imenyooka, sauti yake laini kama ya mtangazaji wa redio. Siku ya kunikabidhi funguo alinishika mkono kwa mikono miwili. "Hapa umefika, dada yangu. Ukiwa na shida yoyote, nipigie."

Nilipompigia kuhusu bomba la bafuni alisema, "Nitalishughulikia." Kuhusu dirisha lisilofunga: "Nitalishughulikia." Mpaka leo bomba linadondoka na dirisha linapiga makofi. Kwenye simu yangu nimefuta jina lake, nimemwandika Nitalishughulikia.

Nikampigia nikiwa kazini. Mimi ni mpambaji wa keki. Simu nimeibana kati ya sikio na bega, mkononi nimeshika mfuko wa krimu, mbele yangu kuna keki ya harusi yenye ngazi nne, na bwana harusi mwenyewe yuko njiani kuja kuichukua.

"Wamezima kadi yetu ya lifti," nikamwambia.

"Kadi gani?"

"Kadi ya lifti! Mwenyekiti ameizima kadi yetu!"

Upande wa pili nikasikia anakohoa.

"Huyo mwanamke usizungumze naye. Umenisikia? Usimfungulie mlango."

"Simfungulii mlango, nataka yeye ndiye anifungulie lifti. Baba yangu hana mguu!"

"Nitalishughulikia," akasema, akakata.

Damu ilinichemka. Nikaendelea kuandika kwenye keki, meno nimeyauma. Nilipomaliza nikasogea nyuma kuitazama, na bosi wangu naye akasogea kuitazama. Mama huyu ana kawaida ya kusoma kila keki kwa sauti kabla haijatoka.

"Hongera," akasoma, "kwa kadi yenu."

Tukatazamana.

"Watu wanafunga ndoa," bosi akasema polepole, "wewe unawapongeza kwa kadi?"

"Samahani bosi, nitakwangua sasa hivi."

"Kwangua. Na ukirudia tena, hapa unga wako umemwagika."

Nilikwangua huku machozi yananidondoka. Nikageuza uso pembeni yasije yakaingia kwenye krimu.

*

Nikasema, liwalo na liwe. Nilimkaidi mwenye nyumba kwa kichwa changu mwenyewe, nikaenda kumwona Mwenyekiti.

Anakaa ghorofa ya pili. Alistaafu akiwa mkuu wa gereza la wanawake, na ukimwona huhitaji kuambiwa. Mama wa makamo, mgongo wima, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Alinifungulia mlango, akasimama katikati yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fleti gani?"

"Ya saba, ile ya kona."

"Ile haina mpangaji."

"Mimi ndiye mpangaji."

"Nimekwambia haina mpangaji."

"Mama, mimi nalala humo!"

"Watu wengi hulala mahali pasipo pao. Nimewalinda miaka mingi." Akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Pale jikoni, mbele ya jiko, kuna kigae kimepasuka?"

"Ndiyo."

"Ni mimi. Sufuria iliniponyoka siku aliyoniambia anataka kuishi peke yake. Na chumba kikubwa kimepakwa rangi ya kijani?"

"Ndiyo."

"Ni mimi. Nilipanda ngazi mwenyewe na brashi." Akavua miwani. "Huyo mwenye nyumba wako alikuwa mume wangu. Fleti ile tuliinunua pamoja. Kesi iko mahakamani na hakimu alisema asiingie mtu mle mpaka aamue. Mimi nikahamia huku chini kwa dada yangu. Yeye akakuingiza wewe."

Yaani mimi nimeuza vyombo vyangu, nimehamisha mgonjwa, nimegombana na madalali nusu ya mji, kumbe nimejipenyeza katikati ya ugomvi wa mtu na mkewe!

"Mimi sikujua, mama. Naapa. Lakini nina mgonjwa mle ndani. Nifungulie lifti tu, basi. Kesi yenu endeleeni nayo."

"Aliyekutangulia alikuja na mimba," Mwenyekiti akasema. "Nikamwonea huruma, nikamfungulia. Siku moja mimba ikaanguka kwenye lifti. Ilikuwa mto wa kochi."

"Baba yangu si mto!"

"Nikifungua lifti, kesho wakili wake atasema nimekubali fleti ipangishwe. Sifungui."

Hapo ndipo niliposema nisilopaswa kumwambia mtu mzima.

"Siku baba yangu akifia kwenye ngazi zenu, mama, mkakutane kamati mpige kura nani amwondoe."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema tu, "Mlango uko nyuma yako," wakati ndani nilikuwa sijaingia hata hatua moja.

*

Siku ya mashine ikarudi. Komando alikuja na yule jamaa wa madumu, mvua imenyesha, watu wamepanda na viatu vya matope, ngazi zinateleza kama zimepakwa sabuni. Baba siku hiyo hakutania. Alikuwa amevimba uso, pumzi inakuja kwa mikupuo. Nilijua ni yale maji ambayo mashine haikumaliza kuyatoa.

Tulipofika ghorofa ya pili, buti la Komando likateleza.

Nakumbuka vipande vipande. Kiti kikiinama. Jamaa wa madumu akisema "nimemkosa!" Mkono wa Baba ukitafuta kitu cha kushika hewani. Mimi nikajitupa mbele, kiti kikanigonga kifuani, tukabanwa ukutani wote wawili, gurudumu moja likizunguka nje ya ngazi.

Mlango ukafunguliwa.

Mwenyekiti alisimama pale na kikombe mkononi. Akamtazama Baba. Akautazama mguu uliopo na ule usiokuwepo.

Baba akainua kichwa. Alikuwa anahema, lakini akaweza kusema, "Shikamoo, mama. Samahani kwa kelele. Ndiyo kwanza tunajifunza."

"Shikamoo ya nini? Wewe ni mkubwa kwangu," akajibu.

"Mwenye lifti ndiye mkubwa."

Nilifumba macho nikisubiri matusi. Badala yake nilisikia kikombe kinawekwa chini. Mwenyekiti alipita katikati yetu bila neno, akagusisha kadi yake ukutani, taa ikawa ya kijani. Milango ya lifti ikafunguka.

"Mwingizeni," akamwambia Komando. "Unasubiri nini, gwaride?"

Nilitaka kumshukuru. Akanikata.

"Kadi yenu bado imefungwa. Mimi ndiye ninayepanda lifti. Yeye amenikuta ndani, basi."

Na huo ndio ukawa utaratibu. Kila siku ya mashine, Mwenyekiti anapanda ghorofa ya saba kwa kadi yake, anabisha hodi, anashuka na Baba. Jioni anamsubiri chini, anapanda naye. Kadi yenyewe haiachii hata kwa dakika moja. Nilimwomba aniazime nikampunguzie usumbufu. Akaniambia, "Kadi ya mtu ni kama mswaki."

Kidogo kidogo akawa anamvusha mpaka ng'ambo ya barabara. Kisha akawa anakaa naye hospitali. Muuguzi yule aliyenipa maneno makali akanishika mkono siku moja, meno yote nje.

"Mama yako mkali kweli! Jana amenifanya nibadilishe shuka."

"Si mama yangu."

"Aa," akasema muuguzi. "Basi anakuja kuwa."

Nikacheka. Nikampuuza. Mimi nilikuwa na furaha yangu ndogo: Baba anafika kwa wakati, uvimbe umepungua, anakula. Kwamba ameanza kunyoa ndevu kila asubuhi, nilidhani ni afya. Kwamba ameniomba nimnunulie mafuta ya nywele, na nywele zenyewe hana, nilidhani ni uzee.

Mwanamke anayepamba keki za harusi mwaka mzima, na bado nikashindwa kusoma kilichoandikwa mezani kwangu!

*

Raha haikudumu. Nilikuwa naweka maua ya sukari juu ya keki, mlango wa duka ukafunguka, akaingia Nitalishughulikia na suti yake. Tangu anikabidhi funguo sikuwahi kumwona. Bomba halikumleta, dirisha halikumleta. Safari hii amekuja mwenyewe, tena kazini kwangu.

"Umemwingiza yule mwanamke nyumbani kwangu," akasema. Hata salamu hakuna.

"Anakuja kumchukua mgonjwa."

"Amekanyaga ndani?"

"Anakaa kidogo, anakunywa chai na baba yangu. Kuna ubaya?"

Akajipapasa tai. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko ukali.

"Hakuna ubaya, dada yangu. Ni vizuri sana. Wiki ijayo tuko mbele ya hakimu. Utasimama, utasema kwamba alikuja kwa nguvu, akavunja mlango, akakutishia wewe na mgonjwa wako."

"Hakuvunja. Baba ndiye aliyemfungulia."

"Utasema alivunja."

"Mbele ya hakimu?"

"Ukisema hivyo, kesi naishinda, fleti inakuwa yangu, kamati nzima inakoma kukusumbua. Utakaa utakavyo. Lifti hiyo utapanda mpaka uichoke. Usiposema..." Akanyofoa ua moja la sukari kwenye keki, akalitia mdomoni. "Nitakuja na fundi wa kufuli. Wewe si mpangaji halali, au hukuambiwa?"

"Wewe ndiye uliyenipangisha!"

"Utamweleza nani?"

Akaondoka. Bosi wangu alikuwa amesimama nyuma ya friji, amesikia yote.

"Yule ndiye wa kadi?" akauliza.

"Ndiye."

"Amekula ua la mteja."

"Nitatengeneza jingine, bosi."

"Tengeneza," akasema. Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na uende nyumbani mapema."

*

Njia nzima nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Nikisema uongo, namwangamiza mama aliyemwokoa baba yangu. Nikisema kweli, Baba anatolewa nje na kiti chake, na nyumba nyingine karibu na hospitali sina, wala nguvu ya kuitafuta sina. Nimeshachoka na milango ya watu. Kila nikipata pa kushika, panabanduka.

Nilimkuta Baba dirishani, anatazama geti la hospitali. Nikamwaga yote. Nikalia kama mtoto, nimeshika tama, makamasi yananitoka, mimi mwanamke mzima.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka lifti, Baba! Sitaki fleti ya mtu, sitaki kesi ya mtu. Nataka kubonyeza kitufe, mlango ufunguke, tuingie, tushuke! Ni kikubwa hicho?"

"Si kikubwa."

"Basi mbona hakipatikani?"

Akanyoosha mkono akanifuta shavu kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akinifuta uji.

"Kesho nenda kazini," akasema. "Hili nitalishughulikia."

"Baba, neno hilo usilitumie tena ndani ya nyumba hii."

Akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake niliondoka moyo mzito. Haikuwa siku ya mashine. Nilimwachia chai, dawa, na simu karibu na mkono. Mchana nikampigia, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikampigia Komando, naye hapokei. Nikavua aproni.

"Bosi..."

"Nenda," akasema bila kugeuka.

Nilipofungua mlango wa fleti, sebule ilikuwa tupu. Kiti cha magurudumu hakipo. Blanketi limekunjwa. Chai imenywewa. Nikafungua chumba cha kijani: shati lake la mikono mirefu, lile la siku ya harusi yangu iliyovunjika, halipo kwenye msumari.

Nikateremka kama jiwe.

"Komando! Baba yangu yuko wapi?"

"Ametoka na Mwenyekiti, dada. Kwa teksi."

"Hospitali? Amezidiwa?"

"Hapana, mzima kabisa. Amevaa vizuri, ananukia." Komando akatazama buti zake. "Hata mimi nilijiuliza."

"Na simu yako mbona hupokei?"

"Niliambiwa nisipokee."

Kabla sijamrukia, mlango mkubwa wa kioo ukafunguka. Si Baba. Ni Nitalishughulikia, na nyuma yake fundi wa kufuli amebeba mkoba wa vyuma.

"Nimekupa usiku mzima wa kufikiri," akasema. "Utasema au husemi?"

Ajabu ya mambo, wakati ule sikuwa na hofu. Hofu ilikwisha, ilibaki hasira tupu, imenijaa mpaka kwenye ncha za nywele.

"Sisemi," nikamjibu. "Hakuvunja mlango. Aliyevunja kitu katika jengo hili ni wewe."

"Fundi, ghorofa ya saba."

Wakaingia kwenye lifti. Kadi yake ilikubali mara moja, taa ya kijani, mlango ukajifunga mbele ya pua yangu. Nikapanda kwa miguu. Ghorofa ya kwanza nalia, ya tatu natukana, ya tano sina pumzi hata ya kutukana. Nilipofika juu, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wangu, kitasa nusu kimetoka.

"Fundi, kaka yangu, mle ndani kuna dawa za mgonjwa," nikamwambia.

Fundi akasita. Akamtazama mwenye nyumba.

"Endelea," mwenye nyumba akasema.

Lifti ikalia nyuma yetu. Milango ikafunguka.

Ndani alikuwa Baba, amekaa wima kwenye kiti chake kama mfalme, shati jeupe limepigwa pasi. Nyuma yake Mwenyekiti, ameshika vishikio vya kiti, na kwa mara ya kwanza miwani haikuning'inia kifuani. Alikuwa amevaa hereni.

"Baba, mlikuwa wapi?"

"Kwa dada yake mkubwa," Baba akasema. "Yule mwenye fleti ya chini. Anakaa kwa mwanawe siku hizi. Nilikwenda kujitambulisha kama mtu mstaarabu. Nimekubaliwa."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nikashika ukuta.

Mwenye nyumba yeye alikuwa bado hajaelewa. "Mzee, sogeza kiti. Wapangaji mnatoka leo."

Baba akasukuma magurudumu mwenyewe, taratibu, mpaka magoti ya suti ile.

"Bwana mkubwa, umechelewa. Jana ungekuwa unamtoa mpangaji. Leo unamtoa mchumba wa mwenye nyumba."

Fundi wa kufuli akaweka bisibisi chini.

Nilimtazama Mwenyekiti, na sijui nilitaka kumkumbatia au kumpigia kelele. Naye alinitazama, midomo inamcheza kama mtu anayetaka kusema neno kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji huu nilihisi kifua kimefunguka. Nikasema moyoni, basi, tumefika.

Ndipo mwenye nyumba alipoanza kucheka.

Hakucheka kwa hasira. Alicheka kwa raha, akajiegemeza kwenye mlango wangu uliokosa kitasa, akatoa leso akafuta macho.

"Mchumba," akasema. "Mzee wangu, hongera sana. Umemuuliza kama ameachika?"

"Mliachana," Baba akasema. "Aliniambia."

"Tuliachana nyumba. Talaka ndiyo hiyo iliyoko kwa hakimu, pamoja na fleti. Mimi nimeomba, yeye ndiye anayeikataa. Miaka yote hii." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mwambie, mke wangu. Mwambie ni nani kati yetu asiyetaka tuachane."

Kiti cha Baba hakikusogea. Aligeuza shingo tu, polepole, mpaka akamwona mwanamke aliyesimama nyuma yake.

"Mama?" akamwita. "Ni kweli?"

Mwenyekiti hakumtazama Baba. Alikuwa akimtazama mwenye nyumba, na macho yake yamejaa maji.